Milembe, Na Wewe Umepima?

Sehemu ya tisa

Kama gazeti la wiki jana ulifungiwa nalo samaki kabla hujalisoma, usihangaike. Mambo yamekwama mahali pamoja tu: mdomoni mwa Milembe.

Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, mwaka 2004. Tuko Bariadi, kwenye studio ya Redio Lubango, ghorofani juu ya duka la pembejeo, kuta zimezibwa kwa magunia ya pamba ili kelele za barabarani zisiingie. Milembe, mtangazaji wa miaka ishirini na mitatu, anamhoji Constantine Luhaga, mnunuzi mkubwa wa pamba na mdhamini wa kipindi cha vijana cha kupambana na UKIMWI. Kwa nusu saa nzima mzee amesifu uaminifu. Ndipo binti akamwuliza, kwa heshima zote, kama yeye mwenyewe amewahi kupima.

Luhaga alitabasamu. Akakivuta kipaza sauti karibu, akalirudisha swali lilikotoka.

"Na wewe umepima?"

Hapo ndipo tulipoachana.

Milembe hakujibu. Mdomo ulifunguka, ukabaki hivyo hivyo. Sekunde tano za kimya redioni ni nyingi, kumi ni msiba. Kwenye vibanda vya chai watu walianza kuzipiga redio zao makofi, wakidhani betri zimekwisha.

Masalu, fundi mitambo na mwenzake katika kipindi, alifanya kinachofanywa na kila fundi mwenye akili timamu. Aliweka kwaya.

Kwaya ikaimba. Luhaga akajifuta shingo kwa leso, akamwambia Milembe kwa sauti ya baba kwamba hakutaka kumwaibisha, ni utani tu, wakirudi hewani waendelee na bei ya pamba. Masalu, nyuma ya kioo, alikuwa akimwonyesha kwa kichwa aseme ndiyo. Aseme ndiyo tu, nani atajua?

Lakini Milembe alijua. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, ameielekeza wilaya nzima kwenye mlango wa kijani pale zahanati: pita dirisha la dawa, kata kulia, usiogope. Wakulima wa Migato waliufikia mlango huo kwa maelekezo yake. Yeye alikuwa hajawahi kukata kulia.

Na sababu ilikuwa na jina. Selestini, karani wa mizani ya pamba, aliyekuwa amuoe. Alikohoa miezi saba akafa mwaka juzi, ndugu zake wakasema ni kifua, na wazee wa ukoo wakataja jirani mwenye jicho baya. Milembe alilia, akaanika mashati ya marehemu, halafu akaingia studio kuwaambia watu wengine wakapime.

Kwaya ikaisha. Taa nyekundu ikawaka.

"Sijapima," alisema. "Naogopa. Aliyekuwa mchumba wangu alikufa na hakuna aliyetamka alikufa kwa nini, hata mimi sikutamka. Alhamisi saa nne nitakwenda. Mzee Luhaga, twende wote."

Sasa kimya kilihamia kiti cha mgeni.

Ila Luhaga si mtu wa kukwama. Aliingiza mkono ndani ya koti akatoa karatasi iliyopigwa lamineshen, inang'aa kama kioo, akawasomea wasikilizaji. Cheti kilisema kwamba Ndugu Constantine Luhaga amepimwa na kuonekana salama na safi kabisa. Kimesainiwa na muuguzi Apolonia. Akakibusu, na busu likasikika hadi Mwandoya.

Bahati yake mbaya, Apolonia ni mmoja tu Bariadi, na ana redio.

Alikuwa nyumbani anafua. Aliposikia jina lake akaliacha shuka kwenye beseni, akapanda baiskeli, na kabla kipindi hakijaisha alikuwa mlangoni mwa studio, povu la sabuni bado liko kwenye viwiko. Luhaga alisimama kumpisha kiti. Hakuna aliyewahi kumwona Luhaga akimpisha mtu kiti.

Apolonia hakukaa. Aliinamia kipaza sauti.

"Mimi sisemi nani amekuja kwangu na nani hajaja. Nikisema la mmoja leo, kesho hatakuja hata mmoja. Ninachosema ni kwamba kwetu hatutoi vyeti. Anayepima anaondoka na majibu yake kichwani. Mwenye cheti arudi alikokinunua."

Akarudi kwenye shuka lake.

Kufikia saa sita mji mzima ulikuwa umemwua Luhaga kwa kicheko. Vijana wa kijiweni waliulizana vyeti. Mama ntilie mmoja alikataa kumpa mteja maharage mpaka aonyeshe kilichopigwa lamineshen. Na yule mzee aliyekuwa akiitwa Mheshimiwa tangu chama cha ushirika kife na wanunuzi binafsi waingie na magari yao, sasa aliitwa Mzee Cheti, hata na watoto wa shule ya msingi.

Alasiri, Milembe na Masalu waliitwa ofisini kwa meneja.

Marcelo, meneja wa Redio Lubango, ni mtu aliyekwenda semina moja Mwanza akarudi na neno "mdau". Aliwaeleza vijana kwamba zama zimebadilika, redio si ya serikali tena, ni soko huria, na katika soko huria mdhamini haulizwi maswali, anapigiwa makofi. Alisema anaunga mkono mapambano dhidi ya UKIMWI kwa asilimia mia moja. Alisema pia kwamba kipindi chao kimepumzishwa.

Bariadi, kitu kikipumzishwa, hakiamshwi tena. Saa yao ilipewa kipindi kipya cha salamu na bei za pamba, kwa hisani ya Luhaga.

Masalu aliuliza kama na kile kinasa sauti cha zamani, kile chenye mpini uliofungwa kamba, nacho kimepumzishwa. Marcelo akasema hicho ni takataka, wachukue. Wakachukua.

Jumapili mchana walijifungia chumbani kwa Masalu. Godoro wakalisimamisha dirishani kuzuia sauti za kuku. Milembe akaongea na mashine kama anavyoongea na mtu: habari ya Selestini, ya mashati, ya kimya cha studio, ya Alhamisi saa nne. Akamweleza msikilizaji kinachofanyika nyuma ya mlango wa kijani, kadiri alivyoambiwa, maana yeye bado. Jina la Luhaga hakulitaja. Masalu aliuliza kwa nini wamwonee huruma. Milembe akamjibu kwamba akianza yeye kutangaza afya za watu, hata za mtu asiyempenda, basi Apolonia amekuja na povu lake bure.

Masalu alinuna kidogo. Kisha akawasha redio yake ya kaseti mbili, akaanza kurudufu.

Msomaji wa mjini unaweza kucheka. Redio ya kutembea kwa miguu? Lakini makondakta walizichukua kaseti hizo bila kubembelezwa, maana abiria walikuwa wamechoka kusikia salamu. Wauza muziki wa minadani wakazichukua pia. Redio ya Marcelo ilikuwa na mnara, na mawimbi ya mnara ule yalikuwa yanaishia milimani. Kaseti haikujua milima.

Jumanne, moja ilikuwa inalia mnadani, upande wa Bukundi.

Mayunga, mfugaji wa huko, alikuwa ameshika mkia wa fahali anabishana bei. Alisikia sauti ya binti ikisema "naogopa". Akauachia mkia. Akamwomba muuza muziki airudishe mwanzo. Ilipoisha akaomba irudishwe tena.

Mayunga alikuwa na sababu. Binti yake Goodness, miaka kumi na tisa, alikuwa aolewe baada ya msimu wa pamba. Ng'ombe wa mahari walishafika na walishazoeana na wa nyumbani. Mwoaji alikuwa Constantine Luhaga.

Ndiyo, huyo huyo wa uaminifu. Anayekaa benchi la mbele kanisani na mke mmoja wa kitabuni, Wilhelmina, mama mtulivu ambaye hakuna mtu amewahi kumwuliza jambo lolote. Kanisa lilikuwa limeambiwa kwamba Goodness anakwenda kuwa msimamizi wa shamba la Mwandoya. Mayunga, ambaye si mtu wa kanisa, aliambiwa ukweli.

Siku hiyo hakuuza wala hakununua. Alirudi nyumbani, akamwambia Goodness avae viatu.

Jumatano saa tano walikuwa kwenye ghala la Luhaga, mbele ya wakulima waliopanga foleni ya mizani. Mayunga alimsalimia kwa adabu, mwangaluka, wakaulizana mvua na malisho. Salamu zilipokwisha akasema neno lake bila kupandisha sauti.

"Mkwe, ng'ombe uliowaleta niliwakagua mmoja mmoja. Niliwafunua midomo nikaangalia meno, nikainua kwato. Wawili niliwarudisha na hukukasirika. Kesho na wewe utakaguliwa. Alhamisi saa nne, pale anapokwenda yule binti wa kaseti."

Mizani ilisimama. Hata karani wa mizani alisahau kuiba.

Luhaga alicheka, akatoa cheti chake. Mayunga alikishika kwa vidole viwili, akakigeuza nyuma na mbele. Hakujua kusoma, lakini alijua karatasi.

"Hata yule fahali kipofu niliyemrudisha alikuja na kibali," alisema, akamrudishia.

Foleni ilicheka mpaka marobota yakatikisika. Kukataa mbele ya wakulima hamsini ni kukiri, na Luhaga alilijua hilo. Akasema sawa, atakwenda, tena kwa furaha. Walipoondoka tu akampigia Marcelo.

Ungemwona Marcelo Alhamisi ungedhani ni sikukuu ya Nane Nane. Kufikia saa tatu uwanja wa zahanati ulikuwa na ngoma ya Wagalu, wachezaji mashuhuri wa Kisukuma, vipaza sauti viwili juu ya pikapu, na fulana mia za bure zilizoandikwa PAMBA SAFI, NDOA SAFI, jina la kampuni ya Luhaga mgongoni. Marcelo alikuwa anarusha matangazo moja kwa moja. Aliwaambia wasikilizaji kwamba leo mdhamini anapima, na kwamba majibu yatasomwa hapa hapa, mubashara.

Apolonia alitoka mlangoni akiwa amevaa sare nyeupe. Alimwangalia Marcelo toka kwenye viatu hadi kwenye kipaza sauti. Kisha akamweleza, taratibu kama anavyomweleza mgonjwa wa malaria jinsi ya kumeza vidonge, kwamba chombo hicho kikivuka kizingiti chake atakitumbukiza kwenye ndoo ya dawa ya kusafishia. Na mdhamini atapanga foleni kama watu.

Basi ikawa hivyo. Benchi la mbao, watu wanne: Milembe na kinasa sauti chake miguuni, Goodness, Luhaga, na Wilhelmina aliyekuja kumshikia mumewe kofia. Mayunga alisimama mlangoni na fimbo yake. Nje ngoma inapigwa.

Goodness ndiye aliyeanza kuongea. Alimnong'oneza Milembe kama inauma. Milembe akasema hajui. Goodness akamwambia kwamba kipindi chao alikuwa anakisikiliza kila wakipata upepo mzuri, na kwamba tarehe ya harusi yake aliisikia humo, kwenye salamu za mdhamini kwa nyumba ya Mayunga, bila jina la bwana wala la bibi harusi. Alikuwa anapepeta mchele. Akamwuliza mama yake harusi hiyo ni ya nani.

Milembe alikumbuka salamu hizo. Alizisoma yeye mwenyewe, kwa bashasha.

"Nisamehe," alisema.

"Hukujua."

"Sikuuliza."

Apolonia akamwita.

Nyuma ya mlango wa kijani palikuwa na meza, viti viwili na kalenda. Hapakuwa na kitu cha kutisha hata kimoja, jambo ambalo lilimtisha zaidi. Apolonia alimwuliza maswali ambayo Milembe alikuwa ameyatangaza mara mia moja, na kila moja alilisikia kama jipya. Ukipata majibu usiyoyataka utamwambia nani? Hewani alikuwa akisema: mwambie mtu unayemwamini. Sasa alitafuta jina, akapata la Masalu, kisha akalia kidogo, maana kabla ya mwaka juzi angepata jingine.

Alichomwa kidole. Wakasubiri. Apolonia alimsimulia kuhusu shuka alilolikuta limefulika lenyewe.

Kisha akamwonyesha majibu.

Najua unataka nikuambie, msomaji. Umenunua gazeti. Na Marcelo naye amelipia leseni yake. Subirini pamoja.

Alitoka akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akanywa vikombe viwili vya maji bila kupumua. Alipofika barazani Marcelo alimrukia na kipaza sauti. Ngoma ikanyamaza. Milembe alikishika kwa ustadi wake wa kawaida, sentimita kumi kutoka mdomoni.

"Habari za asubuhi. Nimepima. Majibu ninayo, na ni yangu. Kilichonitesa miaka miwili kimenichukua nusu saa. Foleni iko wazi."

Akakirudisha. Mtu mmoja alizomea, akidai amedhulumiwa. Marcelo akamnong'oneza Milembe kwamba hivyo sivyo redio inavyofanya kazi. Lakini bibi mmoja aliyevaa fulana ya bure juu ya gauni alijitoa kwenye umati, akaingia, akakaa kwenye benchi. Nyuma yake wakaingia mume na mke wanaovutana mkono. Nyuma yao kijana wa kijiweni, aliyekuwa anauliza watu vyeti tangu Jumamosi, sasa amenyamaza kama maji ya mtungi.

Ndani, Goodness aliingia akatoka. Uso wake haukusema kitu. Alimwendea baba yake mlangoni.

"Baba, ng'ombe warudi."

Mayunga alimwuliza kama ni kwa sababu ya majibu yake.

"Hapana. Hata huyu mzee akitoka mzima kabisa, warudi. Mimi sikuulizwa."

Mayunga aliitazama fimbo yake. Mapenzi ya baba kwa binti ni makubwa, lakini ya mfugaji kwa ng'ombe aliokwisha kuwapa majina nayo si madogo, na uso wake ulionyesha yote mawili yakipigana.

"Wawili wameshazaa," alisema mwishowe.

"Na ndama warudi."

Alikohoa. Akasema sawa. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba yule mwenye baka jeupe hakuwahi kumpenda hata siku moja, na hakuna aliyemwamini.

Luhaga alikuwa bado yuko ndani. Ikapita nusu saa. Ngoma ilijaribu kuanza ikakata tamaa. Marcelo aliwaambia wasikilizaji kwamba mdhamini anabadilishana mawazo na wataalamu. Ikapita saa nzima.

Mlango wa kijani ukafunguka kidogo. Apolonia akatoa kichwa.

"Milembe. Anakuita. Anasema uje na kile kinasa sauti chako cha kamba."

Marcelo alikuwa ameshafika mlangoni na mashine yake mpya. Apolonia akamwambia si yeye.

Milembe alimkuta Luhaga amekaa kwenye kile kiti alichokalia yeye. Koti ameliweka magotini. Bila koti alikuwa mwembamba, na alionekana kama mkulima yeyote anayesubiri zamu ya mizani. Alimwambia Milembe anataka kusema jambo, liwekwe kwenye kaseti, lipelekwe minadani kote ambako watu wamemsikia akisema mengine.

Kwa siku tano Milembe alikuwa amemchukia vizuri sana. Sasa chuki ilimponyoka mkononi. Alimweleza kwamba halazimiki, kwamba mtu akitoka humu ana haki ya kwenda nyumbani, anywe uji, afikiri hata mwezi. Apolonia akasema hayo hayo.

"Nikitoka hapo nje nitaongopa," Luhaga alisema. "Najijua. Bonyeza, binti."

Milembe aliweka kinasa sauti mezani. Kidole kikashuka, kaseti ikaanza kuzunguka. 

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Wilhelmina aliingia, akaufunga nyuma yake, akaiweka kofia ya mumewe juu ya meza kwa utaratibu kama anayeandaa chakula. Hakumtazama Luhaga. Alimtazama Milembe.

"Mayu, mama yangu, anza na mimi," alisema. "Mimi nakuja kwenye chumba hiki kila mwezi, tangu nilipopata majibu yangu mwaka jana. Muuguzi amenitunzia siri. Nimeogopa kufukuzwa nyumbani, na kwa woga huo nilikuwa namwacha mtoto wa watu aje kuolewa kimya kimya. Sasa mume wangu asikie kwenye kaseti, kama watu wengine."

Luhaga akamgeukia Apolonia. Apolonia alikuwa anaangalia kalenda. Kaseti ilikuwa inazunguka.